Usubi na Dende wa Mama Ange

Ukipanda kutoka Birere kuelekea Katindo utaona ubao mrefu umelazwa juu ya mawe mawili ya volkano, mbele ya ukuta ambao mwenyewe alianza kuujenga akaishiwa na saruji. Hapo ndipo tunakaa. Hatuna cheti wala muhuri, lakini hakuna neno la jiji hili ambalo halijapita hapo kupekuliwa. Kambale wa Butembo, ambaye tunamwita Thermos, anatuuzia kahawa yenye tangawizi kali, kiasi kwamba mutu akimeza kikombe kimoja anaanza kuungama dhambi za jirani yake. Upande wa kulia anakaa Sikuli, muuza vitenge. Jina lake la ubao ni Douane, yaani forodha, kwa sababu hakuna sentensi inapita mbele yake bila kufunguliwa mizigo. Katikati anakaa Havugimana, yaani Docteur: alilinda mlango wa farmasi miaka mingi, na anasema elimu nayo hutokea mlangoni kama watu wengine. Mimi nakaa mwisho kabisa, pale ubao unapoinama, na kazi yangu ni kucheka kwa wakati wake. Asubuhi hiyo nafasi ya kushoto ilikuwa tupu. Ni ya Papa Cirimwami, aliyekuwa mkuu wa biro moja, ofisi ya kueleweka, mpaka biro yenyewe ikakosa kiti. Sisi bado tunamwita Directeur. Alifika akiwa amechelewa, vifungo vya shati vimekosana na matundu yake, akakaa bila kusalimia. Mutu wa Bukavu kukaa bila kusalimia! Hata Nyiragongo, volkano yetu, ingeuliza kuko nini.

Thermos akamimina, akamsogezea kikombe.

— Directeur, umelala ao umekesha?

— Nimekesha na usubi.

— Usubi wako ao wa jirani? Douane akauliza.

— Usubi wa dende wa Mama Ange.

Hapo hata mimi sikucheka. Mama Ange ni Généreuse, mke wake. Na dende ni wale wanyama wadogo wasio na mkia, simbilisi kwa watu wa kamusi. Huku Kivu tunawafuga jikoni, sakafuni, kwa sababu ni nyama ya watoto, na kwa sababu mwenye bunduki akiingia uwanjani haoni kitu. Mbuzi atalia, kuku atakimbia, dende atanyamaza chini ya meza kama mutu aliyeulizwa habari za siasa. Hawa wa Généreuse ukoo wao ni mrefu kuliko wa wafalme. Mama yake alimpa dume na jike ndani ya kikapu siku ya ndoa. Siku lava iliposhuka na watu wakakimbilia upande wa Sake, Généreuse aliacha televizyo mezani akabeba kikapu. Vita ikaja, kikapu. Vita nyingine, kikapu tena. Mume alibeba godoro tu, na godoro lenyewe alilipoteza njiani.

Sasa Généreuse alikuwa ameenda Bukavu kwa bato, kupitia ziwani, kumsaidia binti yao Ange aliyejifungua. Alisema anaenda kidogo. Mvua ilianza, ikanyesha, ikakwisha, na ile "kidogo" bado haijakwisha.

— Jana alipiga simu, Directeur akasema. Hakuuliza afya yangu. Aliuliza: "Dende wangu wako?" Nikajibu wako. Akasema: "Sawa. Kama narudi, niwakute wazima. Nikiwakosa, nitajua huko haiko nyumba tena." Akakata.

— Alisema "kama"? Douane akauliza, mkono tayari kwenye mzigo.

— Alisema "kama."

— Aliitia nguvu, ao ilipita tu kwa haraka?

— Aliitua chini kama sanduku.

Thermos akapiga mluzi mdogo. Docteur akavua kofia.

— Na hali ya wagonjwa? Docteur akauliza.

— Masikio yao yamejaa vidonda. Usubi unakaa pembeni ya sikio, pale ngozi iko nyembamba, unakunywa. Jike mukubwa iko na mimba, tangu jana haijagusa majani. Imejikunja kwenye kona. Nikiipoteza ile, nimepoteza na zile za tumboni. Sasa munisaidie, bandugu. Nimejaribu kila kitu.

— Kila kitu kama nini? Douane akasema. Tufungulie.

— Kwanza tueleze wanakaa wapi, Docteur akasema. Huwezi kuandika dawa bila kujua kitanda.

Directeur akajinyoosha. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alifanana na mutu aliyekuwa na biro.

— Wanakaa kwenye kizimba. Mama Ange alipoondoka, nilisema hapana, dende kulala jikoni katikati ya masizi ni mambo ya zamani. Nikamuita seremala Bagalwa. Nikamwambia nataka kitu ya kueleweka: miguu mirefu, waya pande zote, vernis ya kung'aa, mulango iko na ndoano. Akakitengeneza. Kiko nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kuko hewa nzuri. Mutu yeyote akipita anasema ni villa.

— Kando yake kuko maji? Docteur akauliza. Usubi unapenda maji.

— Kulikuwa pipa. Nimelihamisha mpaka kwa barabara. Pipa lilihama, usubi haukuhama.

— Basi usubi umekata bail, umelipa kodi ya nyumba, Douane akasema.

— Chandarua! Docteur akapiga paja. Chandarua, jambo limekwisha.

— Nilifunika kizimba chote na chandarua. Walikula.

— Nani? Usubi?

— Dende! Walivuta kupitia waya, wakatafuna usiku wote. Asubuhi nimekuta tundu kubwa kama mulango wa kanisa, na dume iko imekaa katikati, nyuzi nyeupe zimezunguka kichwa, kama bibi arusi mwenye ndevu.

Hapo nilicheka, kazi ni kazi.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Docteur akatamka kwa uzito.

— Hiyo inaingia wapi? Douane akauliza.

— Inaingia kwa lile tundu.

— Haipiti. Rudi nayo.

Docteur hakukata tamaa. Alisogea mbele kama anayemuita mgonjwa wa pili.

— Basi majani. Muchaichai. Unafunga mafungu mafungu kuzunguka kizimba. Usubi ukisikia ile harufu unageuka. Kwa farmasi yetu kulikuwa mafuta yake ndani ya kichupa. Nilikuwa naona wazungu wanakuja kununua, wanatoka na furaha.

— Nilifunga muchaichai. Walikula.

— Wote?

— Mpaka kamba. Walikunywa chai bila maji. Nikaweka majani ya mukaratusi. Wakaonja, wakaacha, halafu wakanitazama. Sijatazamwa vile tangu siku ile nilikosa kuwalipa watu wa biro.

— Na mimi juzi, ulipokuja peke yako, nilikupa machicha ya kahawa, Thermos akasema. Nilikujazia karatasi nzima. Umwage chini ya kizimba, usubi unachukia uchungu.

— Thermos, usinikasirikie.

— Walikula?

— Hawakula. Ni usubi ndio ulikunywa. Mbele ulikuwa unapumzika mchana. Sasa unauma kutwa kucha, hausinzii.

Nilimwona Thermos ana fahari kidogo. Si kila mtu anauza kahawa ya kuamsha hata wadudu.

Douane alikuwa bado hajatoa nadharia yake. Alimaliza kikombe, akakigeuza, akahakikisha hakuna magendo chini, akaanza:

— Nyinyi wote munatibu mududu. Mimi nauliza ametoka wapi. Mbele hakukuwa usubi hivi hapa kwetu. Juu ya nini? Kwa sababu volkano ilikuwa inavuta. Kila siku ile moshi yake inashuka kwa jiji, tunakohoa, nguo kwa kamba zinakuwa na majivu, tunalalamika. Kumbe ni muzee alikuwa anatufukizia nyumba! Sasa mutazame kule juu. Siku hizi muzee amepunguza sigara. Afya yake imekuwa nzuri, ya kwetu ndiyo imeharibika. Penye wazee haliharibiki neno.

— Kwa hiyo dawa ni nini? Directeur akauliza, na maskini, aliuliza kwa dhati.

— Dawa ni kungoja avute tena.

— Nikimwambia Mama Ange angoje volkano?

— Umwambie ni ya muda mufupi.

— Hapana, hapana, Docteur akaingilia, amesimama sasa. Douane, umechunguza mizigo lakini umesahau kuuliza passport. Huu usubi si wa hapa. Mimi nimeutazama kwa macho yangu hapa hapa, juu ya shati ya Directeur. Iko na tumbo ndefu. Ni usubi wa Masisi. Ni ule wa ng'ombe. Ulikuwa na maisha yake kule kwa malisho, ng'ombe elfu na elfu, kila mududu na sikio lake. Vita ikapita. Ng'ombe wakachukuliwa, wengine wakaliwa, wengine wakavukishwa mupaka. Usubi ukaamka asubuhi, unatafuta sikio, sikio haliko. Utafanya nini? Umeshuka na barabara pamoja na watu, umefika Mugunga, kwa kambi ya waliokimbia vita, umeona watu wamekonda, hakuna cha kunywa, ukaendelea mpaka Katindo. Ndiyo umekuta dende wa Mama Ange, wanono, wamewekwa juu, kwa waya, na vernis. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyecheka.  Kuna maneno ambayo Docteur huyatoa kama mzaha, lakini yakifika chini yanalia kama jiwe ndani ya kisima. Pikipiki mbili zilipita, vumbi jeusi likainuka, likatulia juu ya vikombe.

— Hata hivyo, Douane akasema polepole, hiyo methali haipiti. Aliyepona ni nani hapo?

— Usubi umepona.

— Usubi ndiye mugeni.

— Basi imegeuka. Methali nayo inakimbiaka vita.

Thermos ndiye aliyeturudisha kwenye kizimba.

— Mimi sikusoma na sikulinda mulango wa mutu. Lakini kwetu Butembo mududu anapewa adui wake. Directeur, tia vyura. Ukamate vyura wawili, watatu, uwaweke chini ya kizimba. Chura hana kazi ingine, ni kula usubi.

— Vyura! Directeur akasema. Macho yake yalipata uhai. Hiyo sijajaribu.

— Ngoja, Douane akasema. Vyura wanamwita nyoka.

— Nyoka akija, Docteur akasema, tunaweka bata. Bata inaogopesha nyoka. Hiyo ni sayansi.

— Bata usiku analala. Mwizi ataiba bata.

— Tunaweka mbwa.

— Mbwa anabweka, Thermos akasema. Mbwa akibweka usiku kwa jiji hili, kila mutu anajua kwako kuko kitu cha kulinda. Watakuja wengine, si wa bata.

— Basi tunaweka askari! Docteur akapaza sauti. Kambi yao iko hapa tu, hatua mbili. Mutu mumoja na bunduki, anasimama kando ya kizimba. Nani atasogea? Usubi wenyewe utaomba ruhusa.

— Na askari, Douane akauliza, sauti yake imeshuka, atakula nini?



Tukatazamana, kuanzia kulia hadi kushoto. Kila mmoja wetu alikuwa amelifikia jibu na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Mwishowe alilisema Directeur mwenyewe, akitazama chini:

— Dende.

— Umeona, Douane akasema. Tumeanza kuwalinda na usubi wa sikio, tumefika kwa mutu wa kuwamaliza wote na chumvi. Huku kwetu kila mulinzi anataka mulinzi. Bandu bandu huisha gogo.

Methali hiyo ilipita bila kusimamishwa. Labda kwa sababu aliyeitoa ndiye mwenye forodha.

Directeur akaweka kikombe chake chini, kwenye jiwe. Kahawa ilikuwa imepoa. Ngozi nyembamba imejifunga juu.

— Nyinyi munacheza, akasema. Si vibaya, hapa ndipo pa kuchezea. Lakini jana nilikaa kando ya kile kizimba na gazeti, nawapepea. Nilikuwa napepea huku naongea nao. Nimeongea nao mashi, ile lugha ya kwao Mama Ange, kule Walungu, ambayo yeye mwenyewe nilikuwa nakataa kumujibia nayo kwa miaka yote, nasema tuko watu wa jiji. Jike ile ilinisikiliza. Iliinua kichwa. Nikafikiri, sasa imesikia mutu wa kwao. Halafu ikakilaza tena. Leo usiku akipiga simu nitasema nini? Niseme wako? Na kama kesho haiko?

Docteur alitaka kuandika dawa, nikaona mkono wake umeinuka. Ukarudi pajani peke yake.

Wakati huo akaja mama mmoja ambaye hatukuwa tumezoea kumwona. Alikuwa na chupa ya chai mkononi, ya zile zenye maua mekundu. Jina lake Kahindo. Alikuwa amehamia juzijuzi kwenye parcelle ya jirani yetu Buhendwa, akitokea upande wa Beni. Nyumbani alikuwa na wageni, sukari anayo, kahawa hana. Akatusalimia mmoja mmoja, "jambo papa, jambo papa", akamwomba Thermos amjazie. Na Thermos akimimina huwa anasimulia. Kabla chupa haijafika nusu, mama wa watu alikuwa ameshapewa usubi, chandarua, chai bila maji, volkano, Masisi na askari.

Kahindo alisikiliza, akacheka pale pa bibi arusi mwenye ndevu, kisha akamgeukia Directeur.

— Pole sana, papa. Hao dende, mbele ya kizimba walikuwa wanalala wapi?

— Jikoni. Mama Ange anasema dende ni mutu wa jikoni.

— Na kule jikoni usubi ulikuwa unawauma?

— Hata siku moja. Miaka yote.

— Ah. Sasa jikoni kuko nini?

Aliuliza hivyo tu. Si kwa ujanja, si kwa kumshinda mtu. Aliuliza kama unavyouliza sokoni, leo kuko samaki sambaza?

Directeur akamtazama. Akatutazama sisi. Docteur akaangalia kofia yake ndani, kana kwamba jibu limeshonwa humo. Douane, ambaye hata sala ya Baba Yetu aliwahi kuifungua mizigo, akapata kazi ya haraka ya kukung'uta vumbi kwenye suruali. Mimi niliangalia barabara. Kwa maana sote tulijua. Mlango wa jiko la Directeur ulikuwa na kufuli, na kufuli lile lilikuwa limeanza kutu. Sote tulikuwa tumemwona mchana kwenye mgahawa wa Mama Philomène, amekaa akiipa barabara mgongo, sahani moja, glasi moja. Tulikuwa tukipita tukisema, "Directeur, bon appétit!" Ubao unaojua idadi ya mawe ya Nyiragongo haukuwahi kumuuliza mwanaume huyu nani anawasha moto kwake.

Kahindo aliona kwamba ameangusha kitu na hakujua ni nini.

— Munisamehe, papa. Nimeuliza vibaya?

— Hapana, mama, Directeur akasema. Umeuliza vizuri.

Mama akachukua chupa yake akaondoka, anageuka nyuma mara kwa mara. Thermos akainamisha chupa yake kubwa ya kahawa. Likatoka tone moja, likafikiri, likarudi ndani. Hakuna aliyeomba lingine.

Directeur akatoa simu mfukoni. Simu yake ni ya zamani, kile kipande cha kusikilizia sikioni kilikufa, kwa hiyo kila anayempigia anaongea na mtaa mzima. Angeweza kusimama akaenda pembeni. Hakusimama.  Simu ikalia, ikalia, ikapokewa.

— Papa Ange. Mchana hivi? Dende wamekufa?

— Hapana, Mama Ange. Wako. Masikio yameumia, lakini wako.

— Yameumia na nini?

— Na usubi.

— Usubi unaingia wapi jikoni mwangu?

Directeur akaisogeza simu karibu na mdomo. 

— Hawako jikoni. Niliwajengea nyumba ya inje.

— Nani alikulalamikia?

 Nyuma ya sauti ya Mama Ange kulikuwa na mtoto mchanga anayelia kule Bukavu, na mtu mwingine, bila shaka Ange, anayemwimbia.

— Mama Ange, nauliza kitu kimoja. Kuni zako unawekaka wapi?

— Kuni za nini?

— Za kuwasha moto. Nataka kuwarudisha ndani. Nataka kuko moshi, usubi ukimbie.

Mtoto akaacha kulia, kana kwamba naye anataka kusikia.

— Tangu niende haujawasha moto?

— Hapana.

— Na ile sombe unaniambiaka umepika? Na maharagi ya juzi?

— Ni ya Mama Philomène.

Docteur akafumba macho. Kusikia mwanaume akikamatwa na maharagi, mbele ya watu, si jambo dogo.

— Jiko langu liko namna gani, Papa Ange?

— Niliweka kufuli.

— Juu ya nini kufuli?

 Directeur alikuwa mutu wa ripoti, wa "kuhusu jambo lifuatalo", na nilimwona akitafuta sentensi ya biro, akaikosa.

— Niliona ni kwako, akasema. Sikutaka kuingia na wewe hauko.

 Nilifikiri Mama Ange atakata. Douane baadaye aliapa kwamba alisikia akicheka, Docteur akaapa kwamba alikuwa analia; mimi nilikuwa karibu zaidi na sikuweza kujua. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ile ya mwanamke aliyesimama katikati ya kazi.

— Kuni ziko juu ya dari, upande wa mulango. Uanze na zile nyembamba, zile kubwa ngoja makaa yashike. Fungua dirisha kwanza, usijiue. Dende uwaweke kando ya ukuta, pale sakafu inakuwaka kavu, si karibu na moto. Jike mukubwa umupe majani ya viazi, hayo haikataake.

— Majani ya viazi. Ndiyo.

— Na usichome kuni zangu bure. Moto ukishika, weka maji ya bugali.

— Ya mutu mumoja?

— Papa Ange. Lini uliniona napika ya mutu mumoja?

Simu ikakatika, ni mtandao ao ni yeye, hakuna anayejua.

Directeur alibaki ameishika mbele yake kama sahani tupu. Ubao mzima ulikuwa umegeuka upande wake, na kwa wema wa Mungu hakuna aliyeleta methali. Ni Docteur tu aliyeshindwa kujizuia, akauliza kwa sauti ya chini, ile ya mlangoni:

— Amesema anarudi?

Directeur alikuwa ameshasimama, anafungua shati na kulifunga upya, kila kifungo na tundu lake.

— Amesema niweke maji.

Akashika njia ya kwake, haraka, bila kuaga, kama mutu aliyeacha sufuria motoni, ingawa moto wenyewe ulikuwa bado kuwashwa.